Mafuta ya Cherehani kwenye Kibodi

Mwishoni mwa miaka ya tisini mimi na mume wangu tulikaa Otonglo, karibu na ziwa. Shirika nililolifanyia kazi lilipofungwa, nilipewa laptop yao kuukuu, na hiyo ndiyo iliyonilisha: nilichapa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na wasifu wa marehemu. Huku kwetu watu huzikwa Jumamosi, na diski isipofika kwa mpiga chapa Alhamisi, waombolezaji watakaa mikono mitupu.

Wiki hiyo nilikuwa na programu ya mume wa jirani yetu. Jumanne jioni wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi wakafuata taa ndani ya nyumba, wakafa juu ya kibodi. Asubuhi nusu ya vitufe vilikataa. Nabonyeza, kimya.

Nikatoka kwenda dukani kutafuta spiriti na pamba. Niliporudi nilimkuta kaka mkubwa wa mume wangu, fundi wa cherehani kutoka Pap Onditi aliyekuja kwa ajili ya matanga, amekaa kwenye meza yangu na kichupa cha mafuta mkononi.

"Nyar Kisian," akaniita, yaani binti wa Kisian, kwetu nilikozaliwa, "hii mashini ilikuwa imekauka tu. Nimeipea oili kila mahali."

Kila mahali! Mtu hajui hata inawashiwa wapi, ameimiminia mafuta kama sufuria ya mandazi. Lakini shemeji mkubwa hapaziwi sauti, kwa hiyo nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa hapo hapo na gazeti lake muda wote.

"Si alitaka kukusaidia tu?" akasema. "Usimfanye kaka asikie vibaya."

Yeye asikie vibaya! Na programu ya watu je?

Nikafunga dirisha na mlango. Nikatoa betri, nikang'oa vitufe kimoja kimoja kwa ncha ya kijiko, nikivipanga mezani kama vilivyokaa ili nisivichanganye. Chini yake mafuta na wadudu vilikuwa vimekuwa uji mweusi. Nilisugua kwa pamba niliyoizungusha kwenye njiti za kiberiti, nikilaani kwa Kiluo, kisha kwa Kiswahili, maana lugha moja haikutosha. Nikaacha spiriti ikauke, nikavirudisha. Alasiri herufi zote zikaitika. Nilichapa mpaka mgongo ukauma, na Alhamisi diski ikafika kwa wakati.

Jumamosi baada ya mazishi mjane akaja kushukuru kwa programu. Mume wangu akaelekeza kidole kwa kaka yake. "Huyu ndiye alitengeneza mashini. Oili ilikuwa inataka tu muda ishike."

"Asante sana, Baba," mjane akasema, akimpa mkono wa shukrani. Na shemeji akaupokea mkono huo!

Jioni nikaambiwa nipike kuku, kwa kuwa fundi anarudi kwake kesho. Nikapika. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mkubwa mezani. Mwanamke huisikia tu. Nikaleta ugali, nikaleta bakuli la nyama, nikanawisha watu mikono.

Mume wangu akakoroga bakuli, akakoroga tena.

"Mama," akaniuliza, "firigisi ya fundi iko wapi?"

"Fundi ameshakula," nikamjibu, nikajipangusa mafuta mdomoni, nikavuta kiti, nikakaa nao mezani.