Kijiti cha Bibi Topeni

Kuna harufu moja nikiisikia hunikata maneno mdomoni, nami si mtu wa kukosa maneno, waulizeni walionilea. Ni harufu ya tope la mtoni likiyeyuka ndani ya gari lenye hita ya moto: majani yaliyooza, chuma, na soksi za sufi zilizolowa. Juzi mwanangu alipanda garini na viatu alivyochezea kando ya maji. Nikawasha hita, na kabla hatujafika barabara kuu nilikuwa nimeegesha pembeni, nalia. Akaniuliza kwa Kiingereza chake nimekuwaje. Nikamwambia ni mafua, kwa sababu habari ya Bibi ni ndefu na yeye alikuwa na njaa.

Nyinyi nitawaambia.

Tulikuwa tukikaa Coon Rapids, Amerika, nyumba ya kupanga ghorofa ya pili, mimi na Mama. Mama alifanya kazi hospitalini, kuwageuza na kuwaogesha wagonjwa. Kwao alikuwa mtoto wa pekee. Babu alipofariki kule Mtwapa, kwetu pwani, Mama hakukubali mamake abaki peke yake na kuku. Akahangaika mpaka akamleta. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Naitwa Sidi, na Bibi aliitwa Sidi, maana kwetu mtoto hupewa jina la bibi yake. Basi aliniita somo, na siku akitaka kunichokoza aliniita mke mwenzake, akanilaumu kwamba namalizia mafuta yake ya nazi.

Alikuja wakati wa joto, na maneno yake yote. Majani yalipoanza kupukutika, maneno nayo yakaanza kupungua. Theluji ya kwanza aliitazama dirishani akasema, "Mungu amemwaga unga wote huu na hapana anayeokota." Tulicheka sana. Hatukujua ndicho kichekesho chake cha mwisho kwa wiki nyingi. Kisha akaacha kula. Samaki wa friji alimsukuma pembeni ya sahani: "Huyu alikufa kabla sijazaliwa." Baadaye hata hilo hakusema. Alikaa kwenye kochi amejitanda leso, anatazama maegesho ya magari, na Mama akirudi kazini alikuta sahani imefunikwa vilevile alivyoiacha.

Siku moja nilimsikia Mama bafuni akiongea na Auntie Kerubo kwenye simu, bomba kalifungulia ili tusimsikie. "Akiendelea hivi nitamzika kwenye barafu, Kerubo. Na nikimrudisha, nani atamshika mkono kule? Nani?" Nilirudi kochini nikakaa karibu na Bibi, nikamshika mkono mimi, kwa sababu nilidhani ndilo swali lililoulizwa.

Sasa, Bibi huyu alikuwa mwokota chaza. Maisha yake yote aliingia kwenye mikoko maji yakitoka, akabandua chaza mizizini, akauza, na ndizo zilizomsomesha Mama mpaka akafika Amerika. Kwenye sanduku lake, katikati ya leso na Biblia, alikuja na kile kichuma chake cha kubandulia, kifupi, bapa, mwisho mmoja umezungushiwa kitambaa. Mama alimuuliza, "Mama, hiki cha nini huku?" Bibi akajibu kwamba mtu hasafiri bila mkono wake.

Ikawa Jumapili moja, baada ya ibada, tuko kwenye chai ya kanisani. Mama Furaha, rafiki yake Mama, mtu wa Uvira, kaja na habari. Mumewe alikuwa kapita mtoni.

"Maji imeenda!" alisema. "Vraiment, ya kweli, imetoka yote kwa kando. Makome iko tu pale kwa matope, mingi, inalala."

Kusikia kome, ndugu wa chaza zake, Bibi akainua kichwa. Mimi nilikuwa karibu yake, nikauona mkono wake ukikaza kikombe.

"Mwezi ukoje?" akauliza.

Tukatazamana. Hapana aliyejua. Auntie Kerubo, yule nesi Mkisii aliyekuwa kama dada wa Mama, akatazama kwenye simu. "Utakuwa full hiyo Ijumaa, mama."

"Basi ni bamvua," Bibi akasema, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kuamrisha. Bamvua, kwa asiyejua, ni zile siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo ambapo bahari hutoka mbali kabisa kisha hurudi ikajaa kabisa. Wanawake wa kwetu hawahitaji saa. "Jumamosi maji yatakuwa yamekupwa saa nne asubuhi. Saa saba yatakuwa yanarudi na nguvu zake, na mimi sitaki mtu chini saa hiyo."

"Lakini mama," Auntie Kerubo akaanza, "huu si ni mto, na mto hauna..."

Nilikuwa nimekaa chini nafunga kamba za viatu, nikaona kiatu cha Mama kikimkanyaga Auntie Kerubo. Akanyamaza. Aliyekaa kule akaujua mto ule alijua pia kwamba kuna lambo, ukuta wa kuzuia maji, na kwamba wenye lambo huyaachia maji yakashuka kabla ya baridi kali, yakabaki chini hadi majira ya kuchipua. Mama alijua. Lakini Bibi alikuwa amesema sentensi nne mfululizo, na sasa alikuwa ananyoosha mkono kwenye sahani ya mandazi. Akamega andazi, akatafuna, akameza. Nani angesimama pale amwambie bahari yake haipo?

Jumamosi tukaenda kwa gari la Auntie Kerubo. Alikuwa amebeba thamosi mbili za chai na maneno mengi. "Mimi nita-park hapa juu. Tukishikwa, sijui Kiswahili, na nyinyi siwajui." Mama Furaha alivaa buti za mumewe. Bibi tulimvalisha suruali ya theluji ya Auntie Kerubo, jaketi la Mama, na juu ya yote hayo akajifunga leso, maana alikataa katakata kutoka uchi.

Tukashuka sote, hata yeye, pale panaposhushiwa mashua. Na kweli, wenzangu, maji yalikuwa yamekwenda! Tope jeusi limebaki wazi mbali kabisa, limeganda juu laini chini, na upande wa kushoto barafu imetanda ukingoni, nyeupe, imetulia. Bibi alisimama akavuta pumzi. Akacheka. Akapiga kigelegele kilichowarusha bata waliokuwa katikati ya mto.

"Niliwaambia nini?"

"Ulituambia, Mama," Mama akasema, na machozi yalimtoka hapohapo, akasingizia upepo.

Kabla hatujaokota hata kimoja, Bibi alivunja kijiti, akatembea mpaka maji yanapogusa tope, akakichomeka. Alifanya hivyo maisha yake yote. "Somo, hii ndiyo saa yangu. Maji yakikifunika, hata kama umeona lulu, panda juu. Bahari haimsubiri mtu." Nikaahidi nitakiangalia.

Tukaokota. Kome walikuwa wakubwa kuliko kiganja changu, weusi, wamelala ubavu. Bibi alimgeuza mmoja akamdharau. "Hawa si chaza. Chaza hung'ang'ania, umbandue kwa kichuma, akutoe jasho. Huyu kalala topeni kama mlevi." Lakini aliendelea kuokota, kiuno kimepinda, haraka kuliko sisi sote, akiwaita "haya njooni, njooni" kama kuku. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Mama Furaha alikuwa akicheka na kuimba pambio. Ndoo ikajaa. Sijawahi kumwona Mama mwenye raha kama asubuhi ile, na bado kila mara nilimwona akigeuka kutazama kile kijiti, kisha ananitazama mimi, kisha anainama tena.

Jua lilipopita utosini Bibi akasimama wima. "Saa ngapi?"

"Karibu saa saba," Mama akajibu.

Bibi akatazama maji. Akakunja uso. Akaanza kwenda kuyaangalia kwa karibu, na badala ya kuzunguka topeni akakata njia juu ya barafu ya ukingoni, maana kwake ilikuwa nchi kavu na safi. Sisi tulijua barafu ni ya kuogopwa pale penye maji mengi. Hii ilikuwa ukingoni kabisa, nani angeiogopa? Tena aliyekuwa mbele ni Bibi, aliyejua kila kitu. Lakini barafu ile iliganda maji yalipokuwa juu. Yalipoteremka yaliiacha ikining'inia kama dari, na chini yake hapana kitu.

Ilitoa mlio mmoja. Bibi akazama hadi kifuani.

Mama alipiga yowe ambalo bado nalisikia. Alikimbia, na Auntie Kerubo akamdaka jaketi kwa nyuma: "Usikimbie! Lala! Enda na tumbo!" Bibi hakupiga kelele hata kidogo. Alikuwa ameshika ukingo wa barafu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameinua kichuma chake juu ili kisipotee. Mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akitembeza mbwa akateremka mbio, akalala kifudifudi juu ya barafu, akamrushia kamba ya mbwa. Wakamvuta, yeye na Mama, polepole, vipande vikikatika. Chini kulikuwa na tope na maji ya magotini tu, asante Mungu. Lakini mguu ulikuwa umeteguka, na midomo yake imekuwa ya kijivu.

Auntie Kerubo akaanza kumvua na kumfunga mablanketi ya garini palepale. Yule mzee alikuwa anahema, anasema maneno yake kwa upole. Nilimwelewa kila neno. Alisema kamwe tusiamini barafu ambayo maji yameikimbia chini. Alisema maji haya wameyaachia wenye lambo, hayatarudi hadi theluji iyeyuke. Na akasema, kwa aibu kama aliyekuwa na kosa yeye, kwamba kome hawa hawaruhusiwi kuokotwa, tafadhali tuwarudishe.

"Anasemaje?" Bibi akauliza, meno yakigongana.

Mama alikuwa amepiga magoti, tope hadi nyweleni. Akasema, "Anasema maji yanaanza kurudi, Mama. Anasema kome hawa wachanga, tuwaache wakue. Anasema tuondoke upesi."

Nilifungua mdomo. Mama akanitazama mara moja tu, nikaufunga.

Bibi akageuza shingo kuelekea mtoni. Pale alipokichomeka, kijiti kilikuwa kimesimama vilevile, kikavu kutoka juu mpaka chini. Mstari wa maji ulikuwa haujasogea hata unene wa kidole. Alikitazama kwa muda mrefu sana, nami nilimwona akikitazama.

"Kweli," akasema. "Yanarudi. Twende zetu."

Ndani ya gari, hita ikavuma, tope likaanza kuyeyuka kwenye nguo zetu, ile harufu ikajaa. Mama Furaha alikuwa akimsugua Bibi miguu, akinong'ona, "Mungu wangu, Mungu wangu."

Jioni ile Bibi aliomba ugali. Mama alidhani hakusikia vizuri. Akausonga na sukuma wiki, akaweka na yule samaki wa friji, na Bibi akala akamaliza, akajilamba vidole. Mama alikwenda kulia bafuni, bomba kalifungulia. Kesho yake Bibi akala tena, na kesho kutwa. Mguu ukapona. Mashavu yakarudi. Mama akawa anatoka kazini na mifuko, mara nazi za kopo, mara mihogo iliyogandishwa, mara kamba wa kule kwa Wavietnamu Saint Paul. Aliwaambia watu kanisani, "Ule mto ulimponya mamangu." Mimi niliamini.

Theluji ilipoyeyuka, Bibi alisema sasa ana nguvu za kupanda ndege, anataka kwenda kwake. Walibishana siku nyingi, Mama akilia, Bibi akimpangusa. Hatimaye tukampeleka uwanjani. Pale kabla ya kuingia ndani, alimshika Mama uso kwa mikono miwili.

"Kijiti kilikuwa kikavu, mwanangu," akamwambia. "Nilikiona."

Mimi, kwa utoto wangu, nikadakia, "Bibi, si maji yamejaa sasa? Tungekwenda tukakuonyesha!" Bibi akacheka, akanipa kile kichuma, akaniambia, "Chukua, mke mwenza. Mimi kwetu nitapata kingine." Kisha akaingia, bila kuchechemea.

Alifia Mtwapa, miaka michache baadaye. Mama aliyatazama mazishi kwenye simu, ndani ya gari, maegesho ya hospitali, akiwa amevaa nguo za kazi. Nilikaa kando yake. Jirani mmoja ndiye aliyemshika Bibi mkono saa ya kufa. Mama alipozima simu akasema, "Nilipika, Sidi. Nilipika baridi yote ile."

Hapo ndipo nilipoelewa, na ndicho kilichoniegesha barabarani juzi. Bibi hakuponywa na mto. Siku ile, akitazama kijiti chake, aliona bahari yake haiko huku, akaamua kwenda kwao, na mtu aliyekonda vile asingefika. Kila tonge lilikuwa la safari. Alikula mbele ya mwanawe, akamwacha afurahi, na kila sahani ilipokuwa tupu Mama alitabasamu akamwongezea.