Alama za Viganja Vyangu

Siku ya kwanza mama mshauri alileta kamba, nami nikatoka nje nikatapika.

Hakuwa na kosa. Ndivyo wanavyoanza kuwatibu watu wenye kumbukumbu mbaya. Kila kijana anapewa kamba yake, anaitandaza sakafuni kama maisha yake, na mwanzo wa kamba ndiyo siku aliyozaliwa. Palipo na furaha anaweka ua, palipo na ubaya anaweka jiwe. Tulikuwa vijana sita katika ukumbi wa parokia, hapa mtaani Kapata, na kazi hiyo ilikuwa ya siku tano, asubuhi na mchana. Tuliambiwa wanaifupisha hivyo kwa sababu ukiacha wiki nzima ipite katikati, woga unapata nafasi ya kukushawishi usirudi.

Niliporudi ndani wenzangu walikuwa wanacheka. Mawe yalikuwa yameokotwa kando ya barabara ya malori ya madini. Mmoja wetu, aliyechimba tangu utotoni, alilitemea jiwe mate akalisugua kwa kidole ili rangi yake itokee.

"Mama, hii usitupe! Iko na kobalti."

"Weka chini," mama mshauri alimwambia. "Hiyo ni ubaya wa maisha yako."

"Basi ubaya wangu uko na bei, Mama."

Hata mimi nilicheka. Kisha nikaangalia kamba yangu miguuni, kicheko kikakatika.

Kazi yangu shimoni ilikuwa kamba. Rafiki yangu, aliyekulia nyumba ya jirani, ndiye aliyeshuka kuchimba. Mimi niliogopa giza la chini, kwa hiyo nilibaki juu ya shimo, lililochimbwa ndani ya uwanja wa nyumba moja, chini ya turubai, kamba mikononi. Akivuta mara moja, nilegeze. Mara mbili, nipandishe mfuko wa mawe. Mara tatu, nimtoe.

Alasiri moja, baada ya mvua za siku nyingi, shimo lilianguka naye akiwa ndani.

Watu wote wa mtaa wanajua kwamba nilishikilia kamba mpaka ikanichuna ngozi. Kwenye kilio mama yake alinifungua mikono mbele ya wanawake wote, akaona viganja vyangu vilivyochubuka, akalia akisema, "Hii mikono njo ile ilishika mutoto wangu mpaka mwisho." Tangu hapo, kila Jumapili baada ya misa, alinipaka mawese kwenye makovu. Aliniwekea sehemu yangu ya samaki. Aliniita mutoto wangu. Miaka miwili ilipita hivyo, na kila Jumapili niliogopa zaidi kuliko Jumapili iliyotangulia.

Sikuweza kuteka maji kisimani kwa sababu ya kamba ya ndoo. Lori likipita na ukuta ukatetemeka, nilikimbilia nje, hata chakula kikiwa mdomoni. Ndiyo maana bibi yangu, ambaye ninaishi kwake, alinipeleka parokiani.

Siku ya pili na ya tatu nilikaa na mama mshauri katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi. Zamani alikuwa muuguzi kule Fungurume, na aliuliza kama muuguzi anayetafuta mahali panapouma.

"Unasikia nini? Unaona nini? Miguu yako iko wapi?"

Nilimweleza turubai, matope, sauti ya rafiki yangu akiimba chini. Yeye aliandika, kisha akanisomea, kisha tukaanza tena. Kila tulipofika kwenye mara ya tatu ya kamba kuvutwa nilisema haraka, "Nikavuta, nikavuta." Mikono yangu nilikuwa nimeikalia.

"Rudi kwa ile mara ya tatu," aliniambia. "Pole pole."

Nilirudi, nikasema vilevile. Hakunigombeza. Aliacha mstari mmoja mtupu kwenye karatasi.

Alhamisi asubuhi bibi alinipokonya usingizi kwa habari njema. Siku ya mwisho kila kijana alikuwa na ruhusa ya kuleta watu wake wamsikilize akisomewa habari yake.

"Nimemuita mama wa rafiki yako," alisema. "Amelia kwa furaha, maskini. Anataka kusikia vile ulipigana kwa ajili ya mutoto wake."

Niliacha chai yangu. Njia nzima ya parokia nilifikiria kupanda pikipiki niende Kasaji kwa mjomba, nisirudi tena. Nilifika mlangoni mwa mama mshauri nikiwa bado ninafikiria. Nadhani niliingia kwa sababu mguu wangu ulikuwa umeshaingia.

Alasiri ile nilijaza mstari mtupu.

Rafiki yangu alivuta mara moja, mbili, tatu. Nilihisi zote tatu. Ardhi ilipasuka kati ya miguu yangu, ufa mwembamba tu, nami nikatupa kamba nikakimbia. Nilijificha nyuma ya ukuta wa jirani. Niliporudi, turubai lilikuwa limemezwa na ardhi, watu wakipiga kelele. Viganja vyangu vilikuwa vizima kabisa. Wachimbaji wote wanajua jinsi mkono wa mtu aliyeshika kamba unavyochunika shimo likianguka. Basi asubuhi, kabla ya kwenda kwenye kilio, nilifungua kamba ya kuanikia nguo, nikaifunga kwenye mpera, nikaivuta kati ya viganja mpaka ngozi ikatoka.

Mama mshauri aliweka kalamu chini.

"Sasa hivi miguu yako iko wapi?"

"Hapa. Kwenye sementi."

"Sementi inapasuka?"

Niliangalia kweli. "Haipasuki, Mama."

"Kesho huyu mama aingie ao asiingie? Weye njo mwenye kuamua. Naweza kumwambia arudi nyumbani, na hii karatasi utaichukua weye mwenyewe."

Niliamua Ijumaa asubuhi, nilipomwona mama wa rafiki yangu kwenye benchi la nje, kitambaa chake cha misa kichwani, samaki wangu ndani ya bakuli lililofunikwa. Nilisema aingie. Nilisema pia nitasoma mwenyewe.

Alikaa karibu nami akashika kiganja changu, kama Jumapili zote. Ninasoma taratibu, kidole chini ya neno. Niliishia darasa la sita. Kwa hiyo maneno yale yalimfikia moja moja. Nilipofika kwenye mpera, nilisikia mkono wake unalegea. Haukutoka mara moja. Ulitoka kidole kwa kidole.

Bibi yangu alianza kuomba radhi.

"Wacha," mama yule alimwambia. Kisha akanigeukia. "Alivuta mara tatu?"

"Tatu, mama."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu."

"Batu bananiambiaka alikufa palepale, hakusikia hata maumivu." Alisimama, akaacha bakuli, akaenda mpaka mlangoni. Nilisubiri anilaani. Nilikuwa nimesubiri miaka miwili. "Kesho utanipeleka ku ile fasi ya shimo. Bananikatazaka, banasema ni hatari. Weye utanionyesha fasi ulisimama, na fasi yeye alikuwa."

Jumamosi nilimkuta getini kwake tayari amevaa. Hatukusalimiana vizuri. Tulipita njia ambayo nilikuwa ninaizunguka tangu siku ile, na tulipokaribia ule uwanja lori lilipita nyuma yetu, ardhi ikatetemeka. Mwili wangu wote uligeuka kukimbia.

Alinishika. Alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu mpaka kikauma, si kiganja.

"Miguu yako iko wapi?" nilijiuliza kwa sauti. Hakuelewa ninaongea na nani.

"Iko hapa," alisema. "Tembea."

Nikasukuma mabati ya geti, tukaingia.