Nesi Aliyejua Kabla Yangu

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja hapa Ujiji Zuhura alipozirai uani. Zuhura ni binti wa marehemu kaka yangu. Ananiita shangazi, lakini nimemlea mimi tangu anatambaa. Alipozinduka, kitu cha kwanza alichotafuta ni simu, wala si mkono wangu. Nikamnyang'anya.

Kumbe alikuwa akiandikiana na nesi mmoja anayejibu maswali ya afya mtandaoni. Alishamweleza yote: kwamba anaogopa chakula, kwamba akila huenda kujitapisha. Mtu asiyemjua hata sura! Wivu ulinikaba, nusura niitupe ile simu kisimani.

Nyumbani kwetu tunakula sinia moja, mwanangu. Mkono wa Zuhura ulikwenda na kurudi kama wa wenzake. Tonge analibinyabinya, samaki wa mgebuka anawasogezea wadogo. Nami nikienda Kibirizi kuuza dagaa nawatambia wenzangu: mtoto wangu ana adabu, hana uroho.

Nikampigia huyo nesi. "Wewe nani hata umfichie mtoto wangu siri, mpaka amezirai uani?"

"Shikamoo, mama," akasema. "Kila akiniandikia namsihi akwambie wewe. Anaogopa utamgombeza. Mimi najibu tu, aliye karibu naye ni wewe. Amezirai? Mpeleke hospitali sasa hivi, matusi yangu utanipa baadaye."

Tukaenda. Akalazwa, maana moyo wake ulishaanza kudhoofika. Daktari akaniuliza hali hii imeanza lini. Zuhura akasema polepole, "Shangazi hajui. Mwulizeni yule nesi wa mtandaoni." Mwanangu, niliumia.

Sasa anakula, ingawa kuna wiki anarudi nyuma, na kliniki tunakwenda wote. Baada ya chakula nakaa naye tuchambue mchele, tupige soga. Unene na wembamba hautajwi nyumbani kwangu.

Basi sikiliza. Huo ni ugonjwa, si jeuri wala maringo, na kumlazimisha mtu tonge hakumponyi. Mtoto akimwambia mwingine kabla yako, meza wivu wako, umshukuru huyo mtu, kisha uulize wewe ufanye nini. Usigombanie nani kaambiwa kwanza wakati mtoto yuko chini.

Mpaka leo hofu ya chakula ikimrudia Zuhura humwandikia yule nesi kwanza. Wivu unanichoma, sikufichi. Lakini kifurushi cha simu kikimwishia, anayemnunulia ni mimi. Mungu akulindie walio wako, mwanangu, hata wale ambao siri yao haitaanzia kwako.