Mlingoti kwenye tamasha la maji

Jumamosi nilikwenda Iringa mjini kwenye tamasha kubwa la muziki la kuokoa vyanzo vya maji. Kiingilio kilikuwa mche mmoja wa mti. Karibu foleni nzima, mimi nikiwemo, tulibeba miche ya milingoti, yaani mikaratusi, maana huku kwetu ukitajiwa mti unawaza mbao na nguzo.

Getini alisimama mama mmoja wa Igowole. Akaushika mche wangu kwa vidole viwili.

"Baba, huu unakunywa maji kuliko ng'ombe. Tunaokoa chemchemi au tunaimalizia?"

"Mama, muziki umeshaanza."

"Nausikia. Na kisima changu kimekauka, kimezungukwa na milingoti hii hii. Kalete mvengi, ule mti wa mtoni unaotunza maji."

Nyuma yangu mgeni rasmi akashuka garini na mlingoti uliofungwa utepe. Mama akautazama.

"Utepe mzuri, mheshimiwa. Mti hapana."

Nilirudi jioni na mvengi wangu, wanamuziki wakikunja nyaya. Mama bado alikuwa getini. Akaupokea kwa mikono miwili.

"Pole, baba. Umekosa muziki tu."

Tangu Jumatatu nanoa shoka. Shamba langu la milingoti liko kando ya mto.