Jiwe la Kahawia

Mama alihamia kwangu Migori mwaka ule ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwake. Alikuwa ameishi kando ya ufuo wa Homa Bay tangu alipoolewa, akinunua omena, dagaa wa ziwani, kwa wavuvi, akiianika na kuiuza sokoni, na hakuwahi kufikiri kwamba siku moja samaki wangeogelea chini ya kitanda chake. Siku tuliyomtoa, maji yalikuwa yamefika magotini. Alijitwika Biblia, redio na nguo zake ndani ya karai, akakataa kushikwa mkono.

Alipoingia sebuleni kwangu, kitu cha kwanza alichokiona ni tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, likiwaka mwanga wa samawati. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Nyara," aliniita, yaani binti yangu, "mimi nimekimbia maji, na wewe umeyafungia ndani ya nyumba?"

Nilicheka. Nikamwambia hayo si maji ya ziwa, ni bahari.

"Ndiyo mbaya zaidi," akasema.

Mimi ni mtu wa maabara katika kliniki moja ya mjini. Kabla ya hapo nilifanya kazi Pwani miaka mitatu, na huko nilijifunza kupenda matumbawe, wale viumbe wanaofanana na mawe na maua kwa pamoja. Niliporudi nilitaka kuwa nayo nyumbani. Kutengeneza bahari Migori si mchezo. Maji ya bomba hayakufaa, ya kisima hayakufaa, nikawa nanunua maji yaliyochujwa kwenye duka la maji ya kunywa, mtungi baada ya mtungi, mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimefungua hoteli. Chumvi ilitoka Nairobi kwa basi, mfuko mzito kama wa simiti. Niliikoroga kwenye pipa, nikapima, nikaongeza, nikapima tena. Nikaweka mawe, pampu, hita, na betri ya kushikilia stima ikipotea. Kisha nikasubiri zaidi ya mwezi mzima nikiangalia maji matupu, kwa sababu lazima vijidudu vinavyokula uchafu vizaliane kwanza, la sivyo kila utakachoweka kitakufa. Ndipo nikaweka samaki wawili wa rangi ya chungwa, halafu tumbawe la kwanza.

Jambo moja sikulifanyia mzaha hata siku moja, nalo ni karantini. Tumbawe jipya huja na wageni ambao hukuwaalika: minyoo bapa inayolitafuna polepole, mayai ya konokono walaji, magonjwa ya samaki. Kwa hiyo kila lililofika kwangu nililichovya kwanza kwenye maji ya chumvi yenye dawa, nikalitikisa, nikaangalia kilichodondoka. Kisha likakaa wiki sita katika tangi dogo kwenye stoo kando ya jikoni. Stoo ilikuwa na ndoo yake, taulo yake, koleo lake. Hakuna kilichotoka humo kwenda sebuleni. Nilijivunia hilo. Nilijiona mwangalifu kuliko watu wote.

Mama alikuwa kwangu mwezi wa pili wakati mtu mmoja wa Nairobi, aliyekuwa akihama nchi, aliponiuzia matumbawe yake. Yalifika asubuhi katika kasha la styrofoam, kila moja kwenye mfuko wake wa maji. Ndani ya kasha kulikuwa na kitu kimoja ambacho sikukiagiza: jiwe la ukubwa wa ngumi, limefunikwa na vitu vya kahawia vilivyofanana na vifungo vya koti kuukuu. Nikamwandikia kumuuliza. Akajibu: "Hilo ni zawadi. Vaa glavu ukilishika, na usilikwaruze."

Nilisoma ujumbe ule nikiwa nimesimama stooni. Nikavaa glavu. Sikumwambia Mama.

Siku ya tatu niligundua kwamba matumbawe mawili yaliyokuwa karibu na jiwe lile yamejifunga na kunywea, hali lenyewe lilikuwa limefungua kila kifungo. Nikalisogeza pembeni. Siku ya tano konokono wangu aliyekuwa anasafisha kioo alikuwa amekufa chini yake. Wiki hiyohiyo, nikiliinua kwa koleo, tone la maji likaniruka mdomoni. Nilihisi ladha ya chuma, kama nimelamba sarafu, na midomo ikafa ganzi mpaka jioni. Nilinawa. Nikajiambia nitalitafutia mtu wa kumpa wiki sita zikiisha. Kwa nini nilisubiri wiki sita, sijui mpaka leo. Nadhani ni kwa sababu kanuni ilikuwa yangu na sikutaka kuivunja.

Mama naye hakulipenda jiwe, ila kwa sababu zake.

"Lile la kule stoo," aliniambia tukila chakula, "lina mdudu. Nimemwona leo. Mrefu, ana nywele miguuni."

"Ni mnyoo wa bahari tu, Mama. Hana neno."

"Kitu chenye nywele miguuni hakikosi neno. Na pale panaanza kunuka."

Nikamwambia nitapasafisha Jumamosi. Ilikuwa Jumatano.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Saa saba nilirudi nyumbani kula, na nilipofungua mlango nikapokelewa na harufu iliyonifanya nisimame: kama ufuo wenye samaki waliooza, lakini yenye makali ya moto ndani yake. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua. Jikoni kulikuwa na mvuke mpaka kwenye dari. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la gesi, mwiko mkononi, na ndani ya sufuria jiwe la kahawia lilikuwa linachemka.

"Nimemuua," alisema, akakohoa. "Alitoka mwenyewe maji yalipopata moto."

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka nilizima gesi, nikafungua dirisha, nikashika sufuria kwa kitambaa na kuitoa nje kwenye mvua, nikivuta ule mvuke njia nzima. Nikarudi nikamshika Mama mkono nikamtoa barazani. Alinikasirikia.

"Unaniburura kama mwizi. Mdudu tu!"

"Umekaa pale muda gani?"

"Tangu maji yaanze kuchemka. Nilikuwa namsubiri afe."

"Jiwe ulilishika na nini?"

Akanionyesha viganja vyake, mikono iliyochambua omena maisha yake yote, iliyojaa mikwaruzo midogo isiyopona.

Baada ya muda mfupi alianza kutetemeka. Nilidhani ni baridi, nikamletea shuka. Kisha mimi mwenyewe nikaanza kutetemeka, na ile ladha ya chuma ikarudi, safari hii ikijaza koo lote. Mama akasema kifua kimebanwa kama kamba imefungwa na mtu anaivuta. Nikampigia jirani mwenye gari. Tulipofika hospitalini, midomo ya Mama ilikuwa imebadilika rangi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Alimwekea Mama oksijeni, kisha akanigeukia.

"Mmekula nini?"

"Hatujakula. Ni jiwe."

"Jiwe gani?"

Nikamweleza, huku meno yakigongana: kiumbe wa baharini, ana sumu ndani ya mwili wake, ukimchemsha sumu inapanda na mvuke. Aliniangalia kwa muda, akiamua kama nimechanganyikiwa. Halafu nikampa simu yangu yenye makala kuhusu sumu hiyo, akasoma. Alisoma akiwa amesimama, kidole kikipandisha maandishi, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Hii haina dawa yake," alisema kwa sauti ya chini. "Tutamsaidia kupumua, tuuangalie moyo. Halafu tungoje."

Jioni ileile walimhamishia hospitali nyingine, Homa Bay, kulikokuwa na kitanda cha wagonjwa mahututi. Mimi homa ilinishika siku mbili ikaniachia. Yeye alikaa siku tisa. Siku tatu za kwanza niliangalia mstari wa moyo wake kwenye kioo cha mashine na nikajifunza kuogopa kila uliporuka. Ndugu zangu wawili walikuja. Niliwaambia Mama alivuta mvuke wa kitu kibaya jikoni. Hawakuuliza zaidi, na mimi sikusema zaidi.

Siku ya tano aliondolewa barakoa. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, ndogo. Neno la kwanza lililoeleweka lilikuwa jina langu, na la pili lilikuwa ombi.

"Unisamehe. Nimeharibu kitu chako cha bei."

"Si kitu, Mama."

"Nilitaka kukusaidia tu. Unafanya kazi sana."

"Si kitu," nikarudia.

Ningeweza kumwambia palepale. Ujumbe ulikuwa bado kwenye simu, mfukoni mwangu: vaa glavu ukilishika. Lakini nesi aliingia na dawa, kisha Mama akalala, na kesho yake aliniomba msamaha tena mbele ya ndugu zangu, nami nikamwachia aombe. Hicho ndicho ninachokiona nikifumba macho, kuliko hata ule mvuke.

Alipotoka hospitalini hakurudi kwangu. Alikwenda kwa dada yake hukohuko Homa Bay, mlimani kidogo, mbali na maji. Mimi nilirudi Migori peke yangu. Jiwe lilikuwa bado nje ndani ya sufuria, limekuwa jeupe na kunuka. Nilivaa glavu, barakoa na miwani ya kazini, nikalilowesha kwenye klorini nje, nikalizika pamoja na sufuria. Stoo niliisafisha kwa namna hiyohiyo. Tangi la sebuleni sikuligusa. Lilikuwa safi. Hakuna kilichowahi kutoka stooni kwenda kule.

Wiki kadhaa baadaye, nikiwalisha samaki, niliinama kuokota kijiko, na kutoka chini nikaona upande wa jiwe mojawapo la tangi la sebuleni ambao kwa kawaida hauonekani. Kulikuwa na kifungo kimoja cha kahawia. Kimefunguka, kikipepea taratibu kwenye mkondo wa pampu.

Nilipiga magoti pale nikifikiri. Koleo, taulo, mkono wa shati langu, tone la maji chini ya soli. Sikujua kilipita wapi. Nilikaa nikikumbuka kila mara nilipoingiza mkono katika tangi lile bila glavu tangu nirudi, nikiwa na kidonda cha kisu kidoleni.

Samaki niliwapa mtu wa Kisumu mwenye tangi la maji ya bahari. Mengine yote niliyaua kwa klorini uani, mchana, mlango wa nyumba ukiwa umefungwa, nimesimama upande upepo unakotokea. Matumbawe yaliyonichukua miaka miwili kuyalea yalipoteza rangi zake nikiangalia. Sikulia. Nilikuwa na haraka yaishe.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Homa Bay. Mama alikuwa ameketi uani kwa dada yake, ungo wa omena mapajani, akiondoa mchanga. Alikuwa amepungua. Baada ya kila maneno machache alisimama kuvuta pumzi. Niliketi chini kwenye mkeka na kumwambia kila kitu: ujumbe wa glavu, konokono, midomo yangu iliyokufa ganzi siku ile, na kwamba nilijua, nikanyamaza.

Vidole vyake viliacha kusogea.

"Ulijua kabla?"

"Nilijua."

"Na mimi nikakuomba msamaha mbele ya ndugu zako."

"Ndiyo, Mama."

Nilisikia pumzi yake ikipita kwa shida, kama karatasi inayokunjwa. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Ndugu zako usiwaambie. Wataogopa kuleta watoto kwako."

Akanisogezea nusu ya omena kwenye ungo mwingine, tukachambua wote wawili mpaka dada yake aliporudi kutoka kanisani. Hajawahi tena kulala nyumbani kwangu.