Jina Nililopeleka Mjini

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnapenda kuambiwa mambo matamu. Haya si matamu. Nitawaambia vile wivu ulinifanya nimkosee mtoto wangu, na mkitaka kucheka, chekeni mkimaliza.

Kijana wangu wa mwisho ni mwanajeshi. Alikuwa vitani ng'ambo ya mpaka, kikosi kimoja na kijana wa jirani yangu hapa Mutuini. Kila Jumatano mimi na jirani tuliomba pamoja, tumeshikana mikono. Halafu wake akarudi likizo, amenona, meno yote nje. Wangu, kimya.

Nilienda nikamsalimia vizuri. Nikarudi kwangu, nikamwaga maji ya kuoshea vyombo bila kuosha hata kikombe kimoja. Kicheko chao kilikuwa kinaruka ua kikinitafuta.

Kesho yake jirani akaniletea chapati. "Wewe kazi yako ni kufunga na kuomba," akaniambia. "Mimi nilipanda ngazi za ofisi ya mheshimiwa mbunge. Simu moja tu, huyo amefika."

Siku hizo mbunge wetu alikuwa akivutana na mkuu wa kikosi cha watoto wetu. Redioni alisema, "Sisi ndio tuliwatuma, sisi ndio tutasema nani arudi na lini." Mkuu akajibu kwamba vita haviendeshwi kutoka ofisini. Niliyasikia hayo yote nikichambua sukuma wiki, wala sikuyatilia maanani. Nilichojua ni kwamba mtoto wake anakunywa chai kwao.

Nikavaa nguo ya kanisa, nikashuka mjini kwa ofisi ya mheshimiwa. Orofa tatu, goti likinilalamikia. Nilingoja mpaka saa nane. Msichana wa ofisi akaandika jina la mtoto wangu na nambari yake ya jeshi chini ya majina mengine. Nikirudi, nilipita langoni kwa jirani polepole ili anione.

Baada ya wiki mbili mtoto akapiga simu.

"Mathe, ulienda kwa mheshimiwa?"

"Nilienda. Kwani wewe huna mama?"

"Alimpigia mkuu wetu simu, akamsomea majina kama mwalimu. Mkuu akasema hakuna mwanasiasa atamwambia nani atoke vitani. Sisi wote wa hiyo karatasi tumenyimwa likizo. Na mimi zamu yangu ya kuja nyumbani ilikuwa Ijumaa hii."

"Na wa jirani?"

"Huyo zamu yake ilifika tu, mathe. Hakuna mtu alipigiwa simu."

Nilikaa kwa stuli ya jikoni. Nilimkasirikia jirani kwa uongo wake, mheshimiwa kwa kujionyesha, na yule mkuu aliyempiga mtoto wangu ili mheshimiwa aumie. Lakini miguu iliyopanda zile ngazi ilikuwa yangu. Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilisikia kijana wa jirani akikohoa nje, nikaona wivu hata wa kikohozi.

Jumamosi walikuwa na sherehe ya kumkaribisha, nami nilikuwa nimewakataza watu wangu kukanyaga huko. Sasa nikawaita mabinti na wajukuu jikoni.

"Jumamosi mtaenda kwa jirani kumenya viazi," nikawaambia, "na mbebe ile sufuria yangu kubwa. Mkiulizwa wetu anarudi lini, msiseme ni jeshi, msiseme ni mheshimiwa. Semeni ni mimi nilimchelewesha."