Mapambo ya Pizza ya Anti Mueni

Boksi la pizza likipata joto lina harufu yake, mbali na ile ya pizza yenyewe. Ni harufu ya kadibodi iliyolowa mafuta na mvuke, na mimi huisikia kabla sijasikia ya jibini wala ya nyama. Wenzangu ofisini huanza kumeza mate. Mimi hurudi mtaani kwetu Tena, kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili iliyotazamana na ukuta wa jirani, na kumwona Anti Mueni akiingia na viatu vyake vya kisigino, boksi amelibeba juu ya kiganja kimoja na mkono mwingine ameushika kiunoni, kana kwamba amekuja kupigwa picha.

Anti Mueni alikuwa mdogo wake Mama, kitinda mimba wa kwao Ukambani. Kazi yake ilikuwa kupokea simu katika ofisi moja ya town, na miaka ile ya tisini mtu wa kupokea simu town alikuwa mtu, msinichezee. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi alituletea pizza moja, ikifika imeshapoa na kujikunja pembeni, nasi tuliizunguka na kuitazama kwanza kabla ya kuigusa. Baba alikuwa dereva wa malori, mara nyingi yuko njiani, kwa hiyo tulikuwa wanne mezani: Mama, Anti, kaka yangu Kyalo na mimi.

Lazima niwaeleze jambo moja kuhusu Anti, la sivyo hamtanielewa huko mbele. Alikuwa mtu wa mitindo. Mwezi huu blauzi yake ina sponji mabegani, mwezi ujao sponji zimetolewa, na ukithubutu kuuliza zilienda wapi anakutazama kwa huruma na kusema, "Ndinda, hiyo ilienda kitambo." Nywele, mikoba, jinsi ya kushika kikombe, kila kitu kilikuwa na wakati wake na wakati huo ulipita haraka sana. Sisi wa Tena tulikuwa nyuma daima, na hatukuona aibu, mradi yeye yupo wa kutuambia yanayoendelea.

Pizza nayo ilikuwa na mitindo. Kulikuwa na nyembamba ya Kiitalia, ambayo ukingo wake ulilia ukiuma, na nene ya Kimarekani, ambayo Kyalo aliipenda kwa sababu ilishibisha. Vile vitu vya juu Anti aliviita mapambo. Kyalo alishikilia kwamba pizza bila pilipili hoho na soseji si pizza. Mimi nilikuwa mtu wa nanasi, na Anti alikuwa upande wangu. "Nanasi ndiyo pizza," alikuwa akisema, akilamba kidole. Mama alichukua kipande chake, akakigeuza akatazama chini yake, akauma kona, halafu akatugawia kilichobaki. "Hii ni chapati iliyomwagikiwa na mboga ya mtu," alisema, na kila mwezi alisema hivyo hivyo.

Nilikuwa darasa la tano Anti alipokuja na sanduku badala ya boksi. Alishuka kwenye teksi Mama akiwa amemshika kwapani, na viatu vya kisigino vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Amekuja kupumzika, tuliambiwa. Sebule ikakatwa kwa pazia la maua, na nyuma ya pazia kikawekwa kitanda. Akina mama wa kanisani walikuja, wakaomba, wakaaga mapema. Chai ya Mama iliachwa kwenye vikombe vyao bila kuguswa, na mimi niliyekuwa nikitoa vyombo nilishangaa, maana Mama hakuwa anapika chai mbaya.

Jioni moja Mama alitukalisha mimi na Kyalo kwenye ngazi ya mlango. "Daktari amesema Anti yenu akila atapata nguvu," alisema. "Shida ni kwamba hali." Kweli, hakuwa anakula. Uji ulirudi. Muthokoi, chakula cha kwao cha mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ambao Mama aliupika hadi mahindi yakapondeka kabisa ulirudi. Nilibeba zile sahani kutoka nyuma ya pazia zikiwa nzito kama zilivyoingia, na niliogopa jinsi sijawahi kuogopa tena.

Kyalo ndiye aliyesema tupike pizza. Aliliambia pazia, kwa sauti kubwa, "Anti, tukikupikia pizza utakula?"

Kisha tukamsikia akicheka, mara ya kwanza tangu aje.

"Nyinyi? Na jiko gani?"

Jiko lilikuwa lile lile la makaa ambalo Mama aliokea keki za Krismasi. Sufuria kubwa, mchanga chini, sufuria ndogo ndani, na makaa mengine juu ya kifuniko ili joto litoke juu na chini. Unga ulikuwa wa chapati, ukatiwa hamira. Anti alitoa maagizo akiwa amelala, na sisi tukakimbia kati ya pazia na jiko kupeleka habari: unga umefura, nyanya zinachemka, jibini limeanza kubadilika rangi. Ile ya kwanza tuliweka kila kitu, hoho, soseji, nanasi, vitunguu. Iliungua chini na katikati ilikuwa mbichi, lakini ilinukia hadi watoto wa ploti nzima wakaja kusimama mlangoni.

Mama alipeleka sahani nyuma ya pazia, akavuta pazia, akakaa naye. Sisi tukasubiri upande huu tukiwa tumeshikana mikono. Mama alipotoka, sahani ilikuwa tupu.

"Amemaliza!" nilipiga kelele, na Kyalo akacheza ngoma ya mtu aliyekanyaga makaa. Nyuma ya pazia Anti alikuwa akicheka na kukohoa.

Basi ikawa kila Jumamosi. Na kwa kuwa Anti alikuwa Anti, mitindo haikukosa. Jumamosi iliyofuata, kabla hatujawasha jiko, sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Kyalo, hiyo pilipili hoho wacha. Siku hizi town hakuna mtu anaweka."

Kyalo alinuna, lakini nani angebishana na town? Tukaiacha. Baadaye ikawa zamu ya nanasi, na hapo nilibishana.

"Anti, si ni wewe ulisema nanasi ndiyo pizza?"

"Nilisema mwaka jana, mami. Nanasi ilienda kitambo."

Niliumia kidogo. Nilikuwa nimelikata mwenyewe, vipande vidogo vidogo vya usawa. Soseji nazo zikapitwa na wakati. Kisha nyanya, jambo ambalo hata Mama, ambaye hakujua lolote kuhusu pizza, alilisikia akasimama na mwiko mkononi. Waitalia wenyewe, Anti alisema, wale wanaojua, wanakula nyeupe. Tukapika nyeupe. Ukingo mgumu ukawa ushamba, tukaukata kwa kisu na kuutafuna wenyewe kule jikoni. Makaa juu ya kifuniko yakakatazwa, kwa maana pizza ya kisasa haiwi na ngozi, inakuwa laini. Na kila mara sahani ilitoka tupu, nasi tukashangilia, na yeye akacheka kule ndani.

Nilimwona, sitasema sikumwona. Nilimpelekea maji ya kunawa na kuona mikono ilivyokwisha. Kitambaa cha kichwa hakikukosa, kimefungwa kwa namna mpya kila wiki, lakini uso uliokuwa chini yake ulikuwa unapungua. Alikuwa ameanza kuzungumza polepole kama mtu mwenye chai ya moto mdomoni. Lakini mimi nilikuwa na sahani. Daktari alisema akila atapata nguvu, na alikuwa anakula. Nilijiambia mwili nao unahitaji muda, na nikalala usingizi mzuri.

Mtindo wa mwisho ulikuwa ule wa maziwa. Tulitakiwa kuchukua pizza nyeupe, isiyo na ukingo, isiyo na ngozi, tuikatekate kwenye bakuli na kuimwagia maziwa vuguvugu.

"Anti, si hiyo ni uji?" Kyalo aliuliza.

"Ya Kifaransa hiyo," pazia lilijibu, polepole. "Wewe... hujui kitu."

Mama alitoka nje ghafla akasema anaanua nguo. Mawingu hayakuwepo, na nguo zilikuwa bado zinatiririka maji.

Bakuli nalo lilirudi tupu.

Anti Mueni alifariki siku ya katikati ya wiki tukiwa shuleni. Tulimzika Ukambani, kwenye udongo mwekundu nyuma ya nyumba ya Nyanya. Nililia hadi nikapoteza sauti, na ndani ya kilio changu kulikuwa na kitu ambacho si huzuni peke yake. Kulikuwa na hasira. Tulipoketi kwenye viti vya kuazima nilivuta leso ya Mama na kumuuliza, "Mbona amekufa na alikuwa anamaliza?"

"Nyamaza, mwanangu," Mama alisema, akanikumbatia kwa nguvu hadi kifungo cha koti lake kikaniacha alama shavuni.

Swali hilo nililibeba. Niliacha kuwaamini madaktari, niliacha kuamini chakula, na kwa miaka kadhaa nilisusa kuomba kabla ya kula, jambo lililompa Baba tabu kubwa. Mama hakupika pizza tena, wala sisi hatukuomba.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu ya jino. Mwaka huu niling'olewa gego la nyuma, na siku chache baadaye ofisini kwetu tulikuwa tukimuaga mwenzetu mmoja. Maboksi yakaja na harufu yake. Nikachukua kipande chenye nanasi, kama kawaida yangu. Maji ya nanasi yalipogusa kile kidonda machozi yalinitoka palepale. Nikabandua nanasi nikaliweka pembeni. Nikauma tena, hoho ikanichoma. Nikaitoa. Nyanya nayo. Ukingo ulinikwaruza, nikaukata. Nilitazama sahani yangu, vile vitu vimekaa kando kimoja baada ya kingine, na kipande cheupe kilichobaki katikati. Niliinuka nikaenda kusimama chooni hadi sherehe ikaisha.

Jumamosi nilipanda kwenda kwa Mama. Siku hizi anaishi Ukambani, na nilimkuta uani akichagua pojo kwenye ungo. Nilikaa karibu naye nikamweleza habari ya jino, na ya hoho, na ya nanasi. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Mdomo wake ulikuwa vidonda vitupu," alisema mwishowe. "Hadi kooni. Maji ndiyo alikuwa anameza, na hayo pia kwa shida."

"Lakini Mama, sahani..."

Vidole vyake viliacha kuchagua.

"Alikuwa anaonja. Anaweka kidogo kwa ulimi, anajaribu, anatoa. Nyingine nilikuwa nakula mimi."

Nilikumbuka zile chai zilizoachwa zikapoa kwenye vikombe vya watu wazima waliotuombea huku wakiogopa ugonjwa wa Anti, na Mama yangu akila nyuma ya pazia, kwa uma ule ule, kutoka sahani ile ile.

"Alikuwa anawasikia mkipiga kelele huko nje," Mama aliendelea. "Amemaliza, amemaliza. Alikuwa anacheka, Ndinda. Wiki nzima analia, hiyo siku anacheka. Na kabla mje kuwasha jiko tena ananiuliza, sasa leo nitawaambia nini wasiweke? Tunafikiria pamoja. Ile ya Kifaransa ilikuwa yangu." Alipepeta ungo kidogo. "Sasa ungetaka nirudishe sahani na chakula?"

Ndipo nilipojua kwamba kwa miaka hiyo yote nilizikasirikia sahani tupu za watu wawili waliokuwa wamekaa nyuma ya pazia la maua wakinitunza mimi. Nililia pale uani, mtu mzima na mshahara wangu, na Mama aliniacha nilie. Alirudi kwenye pojo zake. Baadaye sana, nilipokuwa nimetulia, nilimuuliza kama angalau zilikuwa tamu.

"Mbaya," Mama alisema. "Mbaya sana. Hasa ile ya maziwa."